Magari yanakimbia mbele ya skuli: tutie tuta au njia ipanuliwe?

SUALI: Asalaam alaykum injinia. Mimi mzazi, nakaa upande wa Fuoni. Njia ya mbele ya skuli yetu magari yanakwenda mbio, watoto wanavuka roho mkononi. Wazee tumechanga pesa ya saruji tujenge tuta wenyewe, wengine wanasema tuombe njia ipanuliwe iwe leni mbili mbili. Lipi bora?

JIBU: Waalaykum salaam. Pesa za saruji zirudisheni kwa wenyewe, na barua ya kupanua njia kama haijafika kwa sheha basi ichaneni. Msinione mkali, suali hili naulizwa kila wiki na kila mara hilo la kupanua linatajwa kama dawa wakati ndo maradhi yenyewe!

Mguu wa dereva unafuata njia anayoiona mbele yake, kibao hana habari nacho. Gari ndogo ina upana wa mita 1.7 hivi, ukiipa leni ya mita 3.65 kama za barabara kuu inabaki karibu mita mbili bure, dereva anakanyaga mafuta bila hata kujijua. Leni ikiwa mita 3 kosta inapita vizuri tu, ila mwenye gari anakuwa na hadhari na mwendo unashuka wenyewe.

Na hizo leni mbili mbili ndo zinanikosesha usingizi. Daladala inasimama kumpisha mtoto wa darasa la kwanza, na mkoba wake mgongoni, anatoka mbele ya daladala, gari ya leni ya pili haimuoni kwa sababu ameshazibwa, inapita. Kosa la mtoto liko wapi hapo? Kwa spidi ya kilomita 60 kwa saa gari inakwenda karibu mita 17 kila sekunde, dereva akizubaa sekunde moja na nusu keshakula mita 25 na breki hajaigusa, kwa 30 ni nusu yake, na kishindo cha 60 ni mara nne ya kile cha 30.

Tuta la kienyeji je? Juzi nimepima moja kwa tepu, sentimita 18 kwenda juu na upana sentimita 40, yaani ukuta umelazwa njiani, halina rangi, taa hakuna, maji ya mvua yamesimama upande mmoja. Mtu wa vespa usiku anaruka nalo, na mja mzito anayekimbizwa hospitali ndo usiseme. Tuta la mviringo la kitaalamu gari inalipanda na kulishuka kwa mita 3.7 na kwenda juu halizidi sentimita 10.

Ombeni leni zibanwe, katikati pawe na kisiwa cha mita 2 mtoto avuke nusu kwanza asimame, kivuko kiinuliwe sawa na njia ya miguu, na kona ya kuingilia mtaani ibanwe pia maana ikiwa pana gari zinakata bila kupunguza. Kabla ya zege wahandisi wanaweza kujaribu kwa rangi na mapipa ya mchanga wiki kadhaa, daladala zikikwama panarekebishwa.

Ila jihadharini na hawa wanaopita mitaani na michoro. Mtu hajahesabu hata gari ngapi zinapita saa moja asubuhi, keshataja bei. Mwengine anakuuzieni zebra tupu, makopo mawili ya rangi, mtoto anaiamini anaingia njiani na gari haijapunguza chochote. Akija muulizeni leni itakuwa mita ngapi na mwendo utashuka mpaka ngapi, akianza kukuonyesheni picha za Dubai mfungulieni mlango aende zake.