Jibu: Mwanangu kaingia mtoano wa besiboli, niombe ruhusa kazini?

Dada yangu, nilisoma uzi wako juzi nikiwa zamu ya usiku. Nikaona hili si la kujibu kwa mistari miwili, nikasubiri nipate nafasi ya kukaa.

Umesema uko Houston, kijana wako yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, timu yao imeingia mtoano wa besiboli na mechi ya kwanza ni Alhamisi saa moja jioni, saa ileile unayoingia kazini. Mchezo wenyewe huujui. Baba yake anaona ni kupoteza muda, maana skolashipu zenyewe ni chache. Na wewe unauliza kama kuna maana ya kukosa ujira wa siku nzima kwenda kukaa kwenye mechi usiyoielewa.

Omba ruhusa. Kama hawakupi, tafuta mtu wa kubadilishana naye zamu, hata kama atakudai mbili.

Mimi ni mtu wa Tanga, niko huku upande wa Dallas, na nilikuja mwanangu akiwa na miaka 7. Mpira tulioujua sisi ni wa miguu. Alipofika darasa la tano akaanza kwenda uwanjani na watoto wa jirani, akarudi na glavu ya kuazima, na tangu siku hiyo viatu vya kandanda vikalala uvunguni. Miaka yote hiyo nilikuwa nampeleka, namshusha, narudi nyumbani kulala, maana nilikuwa natoka kazini alfajiri. Nilijiambia kwamba kumlipia na kumpeleka kunatosha. Nilianza kukaa uwanjani alipofika mwaka wa pili wa sekondari, na hiyo miaka iliyotangulia siwezi kuirudisha.

Kuhusu kutoelewa, usiogope. Wewe umecheza rede? Basi umeshajua nusu. Kwenye rede wawili wanarushiana mpira na mmoja yuko katikati. Huku nako ni hivyohivyo: mrushaji amesimama kwenye kichuguu, mdakaji amechuchumaa kule mita 18 na ushei, na mpigaji yuko kati yao. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa tunaukwepa mpira, huyu anautafuta kwa gongo. Akiupiga vizuri anakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu anarudi pale alipoanzia, na pale wanapaita nyumbani. Kila anayefika nyumbani ni pointi moja. Wakitolewa watatu, upande unabadilika. Kila upande ukishapata zamu yake ya kupiga, hiyo ni duru moja; sekondari wanacheza duru 7, si 9 kama wale wa kulipwa wa kwenye televisheni. Hayo yanakutosha kwa Alhamisi, mengine utayaona mwenyewe.

Ila kuna moja nataka ulijue kabla hujafika, kwa sababu mimi lilinichanganya. Siku moja mwanangu aliingia kupiga, akalilaza gongo akaugusa mpira kidogo tu, ukadondoka hatua chache mbele yake, na alipokimbia akatolewa kabla hajafika kituo cha kwanza. Nikasikitika. Nikashangaa watu wote upande wetu wamesimama wanampigia makofi, kocha anampiga begani, wenzake wanampokea kama aliyeshinda. Pembeni yangu alikuwa bibi mmoja Mmarekani, mjukuu wake alikuwa mdakaji, na yeye huja na daftari anaandika kila tukio la mechi kwa penseli. Akanionyesha: mwenzake aliyekuwa kituo cha kwanza sasa yuko cha pili. Kijana wangu amejitoa ili mwenzake asogee. Hata kwenye hesabu za mchezo halihesabiwi kama kosa la kupiga, linaandikwa kando kwamba alijitoa kwa ajili ya timu. Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Nimelelewa na mama aliyekula mwisho ili sisi tushibe, sikutegemea kulikuta limeandikwa kwenye daftari la mchezo wa Wamarekani.

Sasa mtoano. Hapa Texas kila wilaya ya kimichezo hutoa timu 4, na mwezi wa tano ndipo inapoanza safari ambayo mwisho wake ni Round Rock, karibu na Austin, mwezi wa sita. Timu nyingi mno zinaianza safari hiyo, na katika kila kundi la shule zinazolingana kwa ukubwa ni moja tu inayomaliza kwa kushinda. Wengine wote msimu wao unakatika kwa kufungwa, na kwa kijana wa mwaka wa mwisho hakuna mechi ya kuagana baada ya hapo. Kwenye msimu wa kawaida unaijua ratiba hadi mwisho. Kwenye mtoano unakwenda hujui kama leo ndiyo ya mwisho, unajua wakati imeshakuwa ya mwisho. Ndiyo maana nakwambia Alhamisi, usiseme utaenda raundi ijayo.

Raundi yetu ilikuwa ya mechi 3, anayeshinda 2 anasonga. Mwanangu ni mrushaji. Alhamisi alianza yeye, tukashinda, na alirusha mara 97. Nina hakika ya idadi kwa sababu yule bibi alikuwa anaihesabu na mimi nilikuwa naihesabu kwenye vidole vya moyo. Kuna sheria ya kulinda mikono ya watoto: mrushaji wa sekondari haruhusiwi kuzidi 110 kwa siku, na akifika 86 lazima apumzike siku 4 kamili kabla ya kurusha tena. Sheria nzuri, naiunga mkono kabisa, bega la mtoto ni moja. Lakini Ijumaa tukafungwa, na Jumamosi, mechi ya kuamua, mwanangu haruhusiwi kupanda kichuguuni. Kocha akampanga kituo cha kwanza, na kurusha akapewa mtoto wa mwaka wa pili, miaka 16, sura bado ya kitoto.

Jua la Jumamosi ile lilikuwa kali, na zile benchi za bati zinaunguza. Nilikuwa nimejitanda kanga yangu ya Nani Kama Mama, nimepeleka sambusa kwenye kibanda cha wazazi wanachochangishia timu, na zilikwisha kabla ya duru ya tatu. Yule mtoto alirusha vizuri kuliko alivyotegemewa. Duru ya sita wakamfunga mbili kwa mpigo, ikawa wao 3, sisi 2. Duru ya saba, zamu yetu ya mwisho, tayari wawili wametolewa, mwanangu akapiga mpira mrefu ukapita kati ya walinzi wao wa nyuma, akakimbia mpaka kituo cha tatu. Akainuka amejaa udongo mwekundu kifuani. Kutoka hapo hadi nyumbani ni mita 27. Nilisimama juu ya benchi. Mwenzake aliyefuata akapiga juu, mpira ukapanda, ukapanda, ukashuka ndani ya glavu ya mtu wao, naye akawa wa tatu kutolewa.

Ndiyo ikaisha hivyo. Wale wakarukiana katikati ya uwanja, wetu wakabaki kila mmoja alipokuwa. Mwanangu alisimama pale kituo cha tatu kwa muda, mikono magotini. Halafu nikamwona anatembea, haji kwetu, anakwenda kwenye ukuta wa benchi lao. Yule mtoto wa mwaka wa pili alikuwa ameketi chini amejifunika uso kwa kofia, glavu yake ameitupa kwenye majani. Mwanangu akaiokota ile glavu, akaipangusa kwa suruali, akaiweka pamoja na yake, kisha akachuchumaa mbele ya yule mtoto akamwambia kitu. Sikusikia alichosema na sijamuuliza mpaka leo. Walitoka uwanjani pamoja, yeye kabeba glavu zote mbili.

Dada, nimemwona mwanangu akipewa vyeti. Nimemwona jioni ya kuwaaga wa mwaka wa mwisho, wazazi tunashikwa mkono na watoto wetu hadi katikati ya uwanja na jina la ukoo wetu likatajwa kwenye spika. Vyote hivyo nilifurahi. Lakini moyo wangu ulijaa pale kwenye glavu mbili, na kama ningekuwa nimelala siku ile baada ya zamu, nisingejua kamwe kwamba nimemlea mtu wa namna hiyo. Asingenisimulia. Kijana wa miaka 18 hasimulii mambo hayo.

Kuhusu baba yake na hoja ya skolashipu: ni kweli kwamba wanaocheza besiboli sekondari nchi nzima ni zaidi ya 450,000, na kwa miaka mingi timu ya chuo ya daraja la juu ilikuwa na skolashipu 11.7 tu za kugawana wachezaji ishirini na kitu. Kwa hiyo baba asingoje hela. Aje amwone mwanawe. Mwambie hivyo kwa upole, na umwambie baba wa mwanangu naye hakuwahi kuja hata mara moja mpaka Jumamosi ile, alikuja duru ya tano na nguo za kazi, na yeye ndiye aliyelia.

Mambo madogo. Chukua mto wa kukalia na maji. Usimwite kwa jina la utani la nyumbani mbele ya wenzake. Na wakifungwa, ndani ya gari usiseme "mtashinda mwakani", maana kwake hakuna mwakani, wala usiulize kwa nini kocha alifanya vile. Mimi nilinyamaza maili zote hadi nyumbani. Karibu na kwetu akasema tu, "Mama, ulisimama juu ya benchi." Nikamwambia ndiyo. Akacheka kidogo, akageukia dirishani.

Jumatatu jezi ilirudishwa shuleni, ni mali yao. Suruali walimwachia. Niliifua kwa mkono kwa sabuni ya mche mara tatu, na udongo wa kwenye goti haukutoka wote. Tuambie Alhamisi imekwendaje.