Bosi anataka nibebe bastola yake nikipeleka pesa benki. Nikubali?

SWALI: Shikamoo Afande. Mimi ni keshia kwenye duka la jumla la vitenge, Kariakoo. Jioni tukishafunga hesabu, mimi na dereva ndio tunaopeleka mauzo benki, na siku tukichelewa tunazipeleka nyumbani kwa bosi, Mbezi. Hivi karibuni jirani yetu wa duka alivamiwa na watu wa pikipiki, wakampora na kumkata panga mkononi. Bosi ana bastola anayoimiliki kihalali. Ameniambia niwe naibeba mimi kwa sababu yeye anasafiri sana kwenda China kufuata mzigo. Je, sheria inaruhusu? Wakinivamia nikawapiga risasi, nitafungwa? Na kama haifai, niombe kibali changu mwenyewe? Kuna rafiki ananiambia ninunue ya bandia tu, ya kutishia. Naomba ushauri wako. Keshia, Kariakoo.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Swali lako la kwanza jibu lake ni hapana, na nalitanguliza kwa sababu nahisi bastola yenyewe huenda imeshalala kwenye droo ya kaunta. Kama ipo humo, usiiguse. Mpigie bosi aje aichukue kwa mkono wake. Mwenye silaha anayesafiri nje ya nchi huifungia kwenye sanduku la chuma ambalo ufunguo anao yeye, au huikabidhi polisi iwekwe ghalani hadi arudi. Haachiwi mfanyakazi, hata awe mwaminifu namna gani.

Wengi huichukulia silaha kama gari: la bosi, lakini nikiwa na ruhusa yake naendesha. Leseni ya silaha haiko hivyo. Inamtaja mtu mmoja na inaitaja silaha moja, aina yake, namba yake ya kiwandani, pamoja na namba ya usajili inayoanza na zile herufi TZ CAR. Ukisimamishwa Jangwani saa mbili usiku na kitu hicho kiunoni, askari hatajali kinamilikiwa na nani. Atataka kibali chako wewe. Karatasi aliyokuandikia bosi, hata ikigongwa muhuri wa duka mara tatu, haina kazi hapo. Utaratibu huu uko kwenye Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na shauri la kupatikana na silaha bila kibali kwa kawaida hufunguliwa kama kesi ya uhujumu uchumi chini ya Sura ya 200, ambako kifungo ni kati ya miaka 20 na 30. Yaani adhabu yako kwa kubeba inaweza kukaribiana na ya jambazi aliyekuvamia kwa silaha, maana unyang'anyi wa kutumia silaha nao ni miaka 30. Bosi naye atakuwa na kesi ya kumkabidhi silaha mtu asiyeruhusiwa, na leseni yake ataiaga.

Sasa kujihami. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vijiweni watu hudanganyana sana, kuna wanaosema ukiua jambazi unapewa nishani na kuna wanaosema unanyongwa.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakupa haki ya kujitetea, kumtetea mwenzako na kutetea mali. Vifungu vyenyewe kwa miaka mingi tumevijua kama 18 na 18A hadi 18C. Haki hiyo ina mipaka. Nguvu unayotumia iwe ile tu inayohitajika kuizuia hatari iliyopo mbele yako. Kusababisha kifo kunaweza kukubalika pale ulipoamini kwa nia njema, na kwa sababu ambazo mtu mwingine mwenye akili timamu angeziona, kwamba bila kufanya hivyo utauawa au utajeruhiwa vibaya. Unyang'anyi umetajwa humo miongoni mwa hali hizo. Kwa hiyo mtu aliyeinua panga usoni mwako hahitaji kuwa na bunduki ndipo sheria ikuone ulikuwa hatarini. Panga linatosha kabisa.

Lakini fikiria lile tukio la jirani yako, kisha lisogeze mbele kwa sekunde tano. Mkoba umeshanyakuliwa, pikipiki imeshageuka, wanakupa mgongo wakielekea Msimbazi. Ukifyatua hapo, unampiga mtu anayekimbia. Hatari kwa mwili wako imekwisha na kilichobaki ni pesa. Daktari atakayechunguza maiti ataandika risasi imeingilia mgongoni, na sentensi hiyo moja itasomwa mahakamani kuliko maelezo yako yote. Nguvu ikizidi kiasi na mtu akafa, sheria inasema umeua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha.

Kuna jambo jingine ambalo wauza bastola na marafiki hawakuambii. Hata ukiwa na haki asilimia mia, haki hiyo hutolewa na mahakama, haitolewi na askari aliyefika kwenye tukio. Yeye anakuta mtu amekufa na wewe una silaha. Jalada linaweza kufunguliwa la mauaji, na mauaji hayana dhamana. Utakaa Segerea au Keko ukisubiri upelelezi ukamilike na shauri lipelekwe Mahakama Kuu, na hilo si suala la wiki mbili. Nani analipa kodi ya nyumba wakati huo? Bosi atakutumia wakili mwezi wa kwanza. Mwezi wa nane sina uhakika naye.

Tuje barabarani, maana nimefundisha silaha kwa muda mrefu na najua bastola inavyoonekana ukiwa umeishika kwenye uwanja wa shabaha na inavyokuwa mtu anapokurukia. Mwaka 1983 polisi mmoja wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, aliandika kuhusu zoezi alilolifanya: mtu mwenye kisu akiwa umbali wa futi 21, kama mita 6 na nusu, anakufikia kwa takribani sekunde moja na nusu. Muda huohuo ndio anaohitaji askari aliyefunzwa kuichomoa bastola kwenye ala yake na kufyatua. Hapo askari anamwona mtu huyo, anajua anakuja, na amejiandaa. Wewe utakuwa umeketi ndani ya gari, mkanda umefungwa, mkoba mapajani, kioo kiko wazi kwa sababu ya joto, na bastola iko chini ya shati upande ule mkanda wa kiti unapobana. Wa pikipiki hatatokea mita 6. Atatokea kwenye kioo cha pembeni, amekugusa bega.

Tuseme umewahi kuichomoa. Uko Mtaa wa Kongo saa kumi na moja jioni. Nyuma ya jambazi kuna machinga, mama na mtoto mgongoni, kijana anayesukuma mkokoteni, na mbele ya kila duka kuna watu kumi wanaopatana bei. Risasi ya milimita 9 inaweza kupita mwilini mwa mtu ikaendelea, inatoboa ubao wa kibanda kama haukuwepo, na ikikosa kila kitu husafiri zaidi ya kilomita moja. Kila risasi itakayotoka ni yako hadi itakaposimama.

Halafu kuna ule umati wenyewe. Wewe ni mkazi wa Dar, hili unalijua. Kijana aliyevaa kiraia, ameshika bastola barabarani, anapiga kelele: watu wanamwona nani hapo? Mtu mmoja akiita "jambazi!" huna nafasi ya kutoa kitambulisho cha duka. Bodaboda watakuwa wameshakuzunguka na mawe yameshaokotwa, huku mwizi wa kweli naye akipiga kelele pamoja nao.

Na silaha huvuta watu. Usidhani jambazi akijua unayo ataogopa tu, wengine ndiyo watakayoifuata. Julai 2015 kituo cha polisi cha Stakishari, Ukonga, kilivamiwa na silaha zikaporwa. Agosti 2016 askari wanne waliuawa kwa risasi Mbande, kule Mbagala, walipokuwa wakibadilishana lindo kwenye tawi la benki, na bunduki zao zikachukuliwa. Hao walikuwa na mafunzo, na walikuwa wengi. Keshia mmoja na dereva wake, wanaopita njia ileile saa ileile, habari za bastola yao zitafika kijiweni ndani ya wiki.

Umeuliza kama uombe yako. Unaweza kuomba, hakuna anayekukataza. Maombi huanzia serikali ya mtaa unakoishi, ambako wanakujua, yakapanda kata, kisha kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, na kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, mkoa, hadi kwa msajili wa silaha polisi. Kila ngazi ina haki ya kuuliza wewe ni mtu wa namna gani: una kesi, unalewa, mna ugomvi nyumbani, akili imetulia. Utaulizwa unaihitaji kwa nini, utaihifadhi wapi, na umejifunza wapi kuitumia. Kama unaishi chumba kimoja cha kupanga Tandika na wadogo zako wawili, swali la kuihifadhi peke yake litakutoa jasho, na lina haki ya kukutoa jasho. Siku umekwenda msibani Tanga, iko wapi? Siku ya harusi ukanywa bia mbili, iko wapi? Mwenye silaha anaishi na maswali hayo kila siku, pamoja na gharama ya bastola, risasi, sanduku, mazoezi na uhakiki. Mshahara wa keshia naujua.

Ila hata ukipewa, nitakuuliza kwa nini ununue kwa mshahara wako kifaa cha kulinda pesa za mtu mwingine. Hili ndilo linalonikera katika barua yako. Hatari ya kusafirisha mauzo ni ya mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka yeye ahakikishe kazi haikuumizi, na ile ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inamtaka akuchangie WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ili ukiumia kazini ulipwe. Muulize, kwa adabu, kama amekusajili huko. Bosi anayekupa bastola badala ya kubadilisha namna pesa zinavyotoka dukani ameihamisha hatari yake kutoka kwenye hesabu zake akaifunga kiunoni mwako.

Na kubadilisha kunawezekana bila risasi hata moja. Wanunuzi wa jumla wanaotoka mikoani wana simu na wana akaunti, kwa hiyo walipe kwa lipa namba au waingize benki moja kwa moja, na mzigo utoke baada ya ujumbe wa malipo kuonekana. Noti zinazobaki ziende benki au kwa wakala wa benki mara tatu kwa siku, kidogo kidogo, mchana, kwa miguu kama ni karibu, mtu tofauti na saa tofauti. Kuzisubiri hadi jioni zijae mkoba ndilo kosa kubwa. Hiyo safari ya Mbezi usiku ife leo, pesa iliyochelewa ilale kwenye sefu ya dukani yenye bima. Zipo bima za pesa zikiwa dukani na zikiwa safarini, bosi aulize kwa wakala wake wa bima. Na kama mauzo ni makubwa kiasi cha kuhitaji bunduki kweli, basi kazi hiyo ni ya kampuni ya ulinzi yenye gari la kubebea pesa, walinzi wenye sare na silaha zenye vibali vya kampuni. Mlinzi mwenye sare akishika bunduki barabarani, hakuna anayemwita jambazi.

Wakikuvamia kabla hayo hayajafanyika, toa mkoba. Usibishane, usimshike mtu mkono, usimkodolee macho usoni. Angalia viatu, pikipiki, namba yake kama ipo, walikoelekea. Wakiondoka piga 112, kisha uende kituoni ukafungue taarifa wewe na dereva mkiwa bado mnakumbuka. Pesa zitakuwa kwenye bima au zitakuwa hasara ya duka, na hasara ya duka si deni lako isipokuwa uliiba au ilitokana na kosa lako.

Kuhusu ile ya bandia, rafiki yako hakutakii mema. Anayekuvamia na bunduki ya kweli hataikagua yako kabla ya kufyatua, na askari wa doria hataikagua pia. Wale bodaboda nao hawatakuuliza kama ni ya plastiki.