Umekwama sura ya tatu? Hapo nilikaa miaka miwili

Mdogo wangu, unasema umeanza riwaya mara nne. Kila ukifika sura ya tatu unaiona ya kwanza mbovu, unarudi kuirekebisha, na safari inaishia hapo. Halafu unauliza kama ununue kompyuta kwanza.

Kompyuta iache. Riwaya yangu niliiandika kwa kalamu kwenye kaunta buku, nikiwa na kibanda cha fotokopi huku Kirumba, Mwanza. Ugonjwa wako naujua, maana sura yangu ya kwanza niliiandika upya mara kumi na moja. Nilikuwa naipenda mno. Ilianza na mtumbwi wa dagaa unatoka mwaloni usiku, mbalamwezi imejaa, maji yanameta kama fedha, kijana amesimama mbele ameshika taa. Niliona hapo nimemaliza kazi.

Jirani yangu mmoja, mama anayeanika dagaa, alikuja kutoa kopi ya kitambulisho. Foleni ilikuwa ndefu, nikamsomea ukurasa ule. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akashika meza. "Mwanangu, mwezi ukiwa hivyo nani anavua dagaa?"

Mimi mzaliwa wa hapa hapa, na jambo hilo sikuwa nimelifikiria. Dagaa wanafuata taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola, na taa inawavuta vizuri kukiwa na giza. Mwezi ukijaa ziwa zima linang'aa, taa yako haina maana, wavuvi wanakaa nchi kavu siku kadhaa wakisubiri giza lirudi. Nikaona aibu, nikafunga daftari wiki nzima.

Baadaye nikamuuliza: sasa siku hizo wanafanya nini? Akaniambia. Wanashona nyavu. Wanakunywa. Hela ya giza lililopita imeisha, mwenye duka anadai, tajiri wa mtumbwi naye anadai, mke anauliza kwa nini jirani amenunua unga yeye hana. Ndoa zinavunjika wakati wa mwezi, akasema, si wakati wa giza. Riwaya yangu ilikuwa pale pale, kwenye siku ambazo mimi nilizipamba kwa fedha na kumeta. Nikafuta sura ya kwanza yote, na nilipoandika nyingine sikukwama tena sura ya tatu, kwa sababu sasa kulikuwa na mtu anayedaiwa, na anayedaiwa lazima kesho afanye kitu.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu lugha yako, angalia kama mhusika wako ana shida yoyote inayombana wiki hii. Kama hana, utazidi kupamba tu. Halafu msomee mtu wa kazi hiyo. Usimpelekee rafiki yako aliyesoma fasihi, yeye atakusifia tamathali za semi.

Mazungumzo nayo yalinisumbua sana. Wahusika wangu walikuwa wanaongea kama taarifa ya habari. Mwenye duka alikuwa anasema: "Naomba unilipe fedha nilizokukopesha mwezi uliopita, kwani nimechoka kusubiri." Nani anadai hivyo uswahilini? Nikakaa kibandani nikisikiliza watu wanavyodaiana, nikaandika hivi, mwenye duka akiwa mlangoni kwa mdaiwa:

"Hodi hapa."
"Karibu. Shikamoo."
"Marahaba, mama Neema. Baba Neema karudi?"
"Bado."
"Mbona viatu vyake hivi hapa?"

Deni halijatajwa hata mara moja. Ukitaka kujua kama mazungumzo yako yako hai, yasome kwa sauti peke yako. Ulimi ukikwama, hapo pana sentensi ya gazeti.

Muda wa kuandika: mimi ni saa kumi na moja alfajiri mpaka saa kumi na mbili na nusu, kabla sijafungua kibanda. Ukurasa mmoja wa mkono, kwangu kama maneno 200. Siku tano kwa wiki ni maneno 1,000, na ndani ya mwaka unakaribia 50,000, hiyo ni riwaya kamili. Usiku nilijaribu nikawa nasinzia juu ya daftari. Wewe kama ni mtu wa usiku, sawa, ila saa iwe ile ile. Na usiache pale ulipomaliza kila kitu. Acha mhusika kashika kitasa cha mlango, kesho utajua pa kuanzia.

Kurudi nyuma jipige marufuku. Ukigundua kosa sura ya kwanza, liandike kwenye karatasi ya pembeni, endelea. Mimi jina la shemeji lilibadilika katikati ya kitabu, nikalirekebisha mwishoni kwa dakika kumi. Sura ulizokwisha andika zipige picha kila Jumamosi na kuzituma kwenye barua pepe yako. Daftari langu la pili liliingia maji ndani ya kivuko, na kurasa kama 30 za mwisho hazisomeki hadi leo.

Kuchapisha usikuwaze sasa. Mchapishaji mmoja alichukua hela yangu, akatoa kitabu bila kuhariri hata nukta. Maboksi mawili bado yako chini ya kitanda. Ukimaliza, peleka muswada kwenye tuzo. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, yenye kipengele cha riwaya. Soma masharti yao mwenyewe. Na ukiona unachelewa, mkumbuke mwandishi Mzee Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe, ng'ambo tu ya maji haya. Alimaliza muswada wa riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, hakupata wa kuuchapa, akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kitabu kikachapwa 1980. Alifariki 1981, kabla nakala hazijamfikia. Sikutishi. Ila angeishia sura ya tatu, leo tusingekuwa na cha kusoma.

Sasa nijibu wewe: huyo mhusika wako anadaiwa na nani?