Jibu: Vigawo vya 720,720 ni 240, si 8

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza kwa nini unapata vigawo 8 tu vya 720,720. Hesabu yako ya mwanzo ni sahihi, kosa limeingia mwishoni.

Ona, tarakimu 720 zimejirudia, kwa hiyo ni 720 × 1,001. Namba yoyote ya namna hii, kama 358,358, lazima igawanyike kwa 7, 11 na 13, maana 1,001 = 7 × 11 × 13. Sasa 720 ni 2⁴ × 3² × 5. Namba tasa ni sita: 2, 3, 5, 7, 11, 13, vipeo vyake 4, 2, 1, 1, 1, 1.

Wewe umezidisha vipeo vyenyewe, ukapata 8. Ongeza 1 kwa kila kipeo kwanza. Sababu ni kwamba kigawo chaweza kubeba 2 mara 0, 1, 2, 3 au 4: njia tano, si nne. Hiyo sifuri ndiyo inayosahaulika sana. Basi 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240.

Hakuna namba ndogo kuliko 720,720 yenye vigawo vingi hivyo. Namba za aina hiyo Ramanujan, mwanahisabati wa India, alizichambua mwaka 1915. 720,720 si mraba kamili, kwa kuwa kipeo cha 5 ni witiri. Jumla ya vigawo vyote ni 3,249,792.

Nazi 720,720 watu wowote kuanzia 1 hadi 16 watagawana sawasawa. Wakiwa 17, zitabaki 5.