Kanuni unganifu ya gesi: maswali na majibu

Swali: Nina sentimita za ujazo 600 za gesi katika nyuzi 27 za Selsiasi na kanieneo la milimita 750 za zebaki. Nikikokotoa ujazo wake katika nyuzi 0 na milimita 760, napata sifuri. Nimekosea wapi?

Jibu: Pale pale wanapokosea wengi wanaoniandikia: umeingiza Selsiasi katika kanuni inayodai kelvini. Kanuni unganifu husema kwamba, kwa kiasi kilekile cha gesi, kanieneo mara ujazo, ukigawanya kwa halijoto ya kelvini, hutoa namba isiyobadilika. Nyuzi 0 za Selsiasi ni halijoto ambayo maji huganda, na hakuna gesi inayotoweka kwa sababu tu maji yameganda. Ongeza 273 kwa kila halijoto kabla hujaandika kitu kingine chochote, kisha zidisha 600 kwa 750 kwa 273 na ugawanye kwa zao la 300 na 760, upate takribani sentimita za ujazo 539. Una bahati kwamba sifuri ilikushtua, kwa kuwa halijoto ya pili ingekuwa nyuzi 10 ungepata takribani 219, jibu la uongo lenye sura ya ukweli, ukalikabidhi bila wasiwasi. Mtihani unaotoa alama kwa kuiandika tu kanuni, kwa maoni yangu, unalea kosa hili.

Swali: Nitajuaje kama nitumie kanuni ya Boyle (ya halijoto isiyobadilika), ya Charles (ya kanieneo lisilobadilika) au hii unganifu?

Jibu: Andika hii unganifu, kisha ufute kipimo ambacho hakikubadilika.

Swali: Asubuhi, katika nyuzi 20, tairi langu lilisoma kilopaskali 200. Baada ya safari hewa ndani yake ilifika nyuzi 50. Nimetumia kelvini na kupata 220, lakini geji inasoma karibu 230. Je, kanuni inakosea?

Jibu: Kanuni haikosei. Geji husoma ziada tu juu ya kanieneo la angahewa, ambalo usawa wa bahari ni takribani kilopaskali 101, ilhali kanuni inataka kanieneo lote. Anza na 301, zidisha kwa 323, gawanya kwa 293, upate 332, kisha utoe 101: zinabaki 231. Wala usipunguze upepo tairi likiwa la moto, kwani likipoa litakuwa na upepo pungufu kuliko inavyotakiwa.

Swali: Je, kanuni hii itanionyesha gesi iliyobaki katika mtungi wa kupikia?

Jibu: Hapana. Ndani ya mtungi mna kimiminika pamoja na mvuke wake, na maadamu kimiminika hakijaisha, mvuke hujazwa upya kila unapotumika, hivyo kanieneo halishuki sana katika halijoto ileile. Upime mtungi kwa mizani, utoe uzito wa mtungi mtupu uliogongwa juu yake.