Maswali ya Wasomaji: Faili moja, sura mbili

SWALI: Seva yetu ina kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux 4.14. Ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu), programu moja hufungua faili la mipangilio kwa kusoma tu, kisha nyingine hulifungua na kuliongezea mstari. Ya kwanza haiuoni mstari huo mpaka izimwe na kuwashwa upya. Diski ni nzima. Kosa liko wapi?

JIBU: Liko kwenye overlayfs, mfumo wa faili unaoweka tabaka la juu la kuandikia juu ya tabaka la chini la kusoma tu, na kuyaonyesha kama folda moja. Anayefungua faili kwa kusoma tu hupewa lile la tabaka la chini. Mwingine akilifungua kwa kuandika, kerneli hulinakili lote hadi tabaka la juu, hata kama ni la GB 2 na anabadili herufi moja. Mstari mpya unaingia kwenye nakala, na programu yako bado imeshikilia la zamani.

Jaribu kama root, kwenye folda tupu:

mkdir chini juu kazi pamoja
echo zamani > chini/a
mount -t overlay overlay -o lowerdir=chini,upperdir=juu,workdir=kazi pamoja
exec 3< pamoja/a
echo mpya >> pamoja/a
cat <&3

Kwenye 4.14 litatoka neno "zamani" peke yake. Kuanzia 4.19 yatatoka yote mawili: kila inaposoma, kerneli hukagua kwanza kama faili limeshapandishwa, na likiwa limepandishwa husoma nakala ya juu.

Usihangaike kuhamishia kiraka kimoja kwenye 4.14. Faili zima la fs/overlayfs/file.c liliingia na 4.19, tena likiegemea mabadiliko mengine ya VFS, sehemu ya kerneli inayosimamia mifumo yote ya faili. Pandisha toleo la kerneli. Kama hairuhusiwi kwa sasa, endesha ": >> faili" kabla programu haijaanza; amri hiyo haiandiki chochote, ila hulazimisha nakala ipande mapema. Ujanja huo utunze, maana aliyelipachika faili kwenye kumbukumbu kwa mmap ya MAP_SHARED kabla ya kunakiliwa ataendelea kuona ya zamani hata kwenye 4.19.

SWALI: Nimefuta faili kwenye overlayfs, na kwenye upperdir (folda ya tabaka la juu) kumebaki kitu cha aina "c", namba 0, 0. Nikiondoe?

JIBU: Hapana. Ndicho kinacholificha faili la chini; ukikiondoa, ulilofuta linaweza kurudi. Na usiguse kabisa upperdir wakati mfumo umepachikwa: kerneli haitaanguka, lakini utakachokiona baadaye hakina dhamana.