Kabla ya kununua prosesa (chipu kuu inayofanya hesabu), itazame mazabodi (bodi kuu ya kompyuta)

Kompyuta yangu ya mezani ina Core i5 ya kizazi cha sita, soketi (mahali prosesa inapokaa kwenye mazabodi) aina ya LGA 1151. Nimepata Core i7 ya kizazi cha nane, nayo ni LGA 1151. Itakubali?

Haitakubali, nakusihi usitoe pesa. Itakaa vizuri kwenye soketi, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. Intel, watengenezaji wa prosesa za Core, walipotoa kizazi cha nane cha kompyuta za mezani mwaka 2017, waliongeza viini (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba) kutoka vinne hadi sita, wakabadilisha kazi za baadhi ya pini ili umeme zaidi upite. Idadi ya pini ilibaki ileile, lakini prosesa hizo zilidai chipseti (chipu za mazabodi zinazounganisha prosesa na vifaa vingine) za mfululizo wa 300. Mazabodi yako ni ya mfululizo wa 100 au 200, kwa hiyo mwisho wako ni kizazi cha saba. Tafuta i7-6700 au i7-7700. Ukichagua 7700, sasisha BIOS (programu ya mazabodi inayowasha kompyuta) kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado ndani.

Mimi naona AMD, washindani wa Intel, waliwajali wanunuzi zaidi: mazabodi nyingi za soketi yao ya AM4 zilizoanza na prosesa zao za Ryzen za 2017 zilikuja kupokea hata Ryzen 5000 kwa kusasisha BIOS tu.

Nimeuziwa mazabodi iliyotumika, pini mbili zimepinda ndani ya soketi. Ninyooshe mwenyewe?

Usijaribu, wala usiweke prosesa juu yake. Kwenye AM4 pini ziko chini ya prosesa, na mtu mwenye subira huweza kuzinyoosha. Intel walizihamishia kwenye mazabodi tangu LGA 775 ya mwaka 2004, na hizo ni vispringi vyembamba mno. Mpelekee fundi mwenye darubini. Siku nyingine, mulika soketi kwa tochi kabla ya kulipa.

Pentium 4 yangu ina gigahezi 3.8. Mbona Core 2 Duo ya 2.4 inaishinda?

Gigahezi huhesabu mizunguko kwa sekunde. Hazisemi kila mzunguko unamaliza kazi kiasi gani. Core 2 Duo, ya mwaka 2006, hufanya mengi zaidi katika kila mzunguko, tena ina viini viwili. Pentium 4 ilikwamishwa na joto: Intel walifuta mpango wa toleo la gigahezi 4 mwaka 2004.

RAM yangu (kumbukumbu ya muda) ya aina ya DDR4 itaingia kwenye mazabodi ya AM5, soketi ya AMD iliyofuata AM4?

Hapana. AM5 hupokea DDR5 pekee, na hata pengo la katikati ya kadi haliko mahali pamoja. Usiilazimishe.